Mwendo wa Masika

Machi 3

Tumeondoka leo asubuhi kwa ziara ya masika. Tangazo limebandikwa ubavuni mwa basi, karatasi ya kung'aa, rangi zote. Chiriku yupo katikati, mdomo wazi, meno yote nje. Kiongozi yupo kulia na gitaa lake. Wachezaji wetu watatu wako chini, viuno upande. Kimya, mpiga gitaa letu la besi, amekatwa nusu, lakini angalau nusu ipo. Mimi sipo. Nimelizunguka basi nikidhani labda nimebandikwa upande wa pili. Upande wa pili kuna tangazo lilelile.

Miaka ishirini na sita nimekalia ngoma za bendi hii. Hakuna aliyenifundisha wala kuninunulia. Nilianza na makopo manne ya rangi na kifuniko cha sufuria. Nikanunua ngoma ya mguu kwanza, mwaka uliofuata ile ndogo, kisha matoazi, kipande kwa kipande, na katikati ya hapo nilipiga harusi nzima nusu ngoma nusu makopo, na watu wakacheza mpaka viatu vikawavuka. Ngoma zilizopakiwa kwenye basi hili ni zangu. Spika ni za bendi. Hata gitaa la Kiongozi ni la bendi.

Chiriku ndiye mwimbaji wetu, na ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana shemeji. Watu husema yeye ndiye aliyeniingiza bendini. Mimi nilikuwa bendini kabla yake. Dada yake alikuja kumsikiliza kaka yake, akaishia kunisikiliza mimi. Hilo halimo kwenye tangazo lolote.

Kiongozi alisimama katikati ya basi akatuhutubia. Ni kijana wa miaka thelathini na mitano, amerithi bendi baada ya mwanzilishi kufariki. Alisema miji ni kumi na miwili, na mji wa mwisho watakuja watu wa hoteli moja kubwa kutusikiliza. Wakiridhika, mkataba wa miaka miwili: kupiga mahali pamoja, kulala kitanda kimoja, basi na matope kwaheri.

"Lakini kila mtu ataingia upya," akasema. "Uzoefu siuangalii. Naangalia kazi."

Alipokuwa akisema hayo alikuwa ananitazama mimi. Nina miaka hamsini na minne. Mpiga ngoma wa umri wangu akiondoka kwenye kiti chake, hapati kingine.

Machi 5

Mvua. Ukumbi wa bati. Hatukusikilizana hata sisi wenyewe.

Machi 8

Wakati wa kushusha vyombo Kimya aliteleza kwenye tope, spika ikaniangukia bega la kulia. Watu wakakimbilia kuangalia spika.

"Vipi bega, shemeji?" Chiriku aliniuliza chumbani. Tunalala chumba kimoja safari zote, mimi na yeye, ndivyo ilivyo tangu zamani.

"Bega lipo."

"Naona lipo. Nauliza lina hali gani."

"Wewe angalia koo lako, mimi niachie bega langu."

Akacheka, cheko likageuka kikohozi. Bega limevimba, lakini ninapiga. Kiongozi ana simu inayosikiliza muziki na kuonyesha idadi ya mapigo kwa dakika. Anaiweka juu ya spika yake. Tulipopiga "Dirisha", wimbo ambao watu wanalipia kiingilio kwa ajili yake, ilionyesha mia na ishirini na nane mwanzo hadi mwisho. Mia na ishirini na nane ndio mwendo wake tangu siku tulipoutunga. Sihitaji simu kuniambia.

Machi 12

Mvua. Watu arobaini, hamsini ukihesabu walinzi.

Machi 17

Nataka kuandika jambo nililoliona leo, maana hakuna mwingine aliyeliona.

Watazamaji wanamwona mwimbaji uso. Mimi peke yangu ninamwona mgongo. Nimeuangalia mgongo wa Chiriku robo karne, nikiuona tu najua kama amelala, kama amegombana na mtu, kama atasahau maneno ubeti wa pili. "Dirisha" lina mstari mmoja mrefu sana kwenye ubeti wa tatu, hauna pa kupumulia, na ndio ule watu wanaousubiri. Leo alipoufikia nikaona mkono wake wa kushoto umeshika mti wa mikrofoni, si kwa madaha, ameushika kama mtu aliyeshika ukuta. Shati likambana mbavuni. Neno la mwisho halikutoka. Aliligeuza kicheko, akawanyooshea watu mikrofoni wamalizie, wakapiga mayowe ya furaha. Walidhani ni mbwembwe.

Halafu nikaona viatu. Amekanyaga visigino, anavivaa kama ndala. Miguu imevimba haiingii.

Chumbani sikumwuliza kitu. Mtu anayeishi kwa pumzi yake humwulizi kama imeisha. Alilala kwa mito miwili, wake na wangu, nami nikajifanya sikuona mto wangu umekwenda wapi.

Nimeamua kumpunguzia mwendo. Mtu akichoka unampunguzia mwendo: mtoto, mzee, hata punda. Nitamwambia nani? Nikimwambia Kiongozi, nimemtoa Chiriku kwenye mkataba kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kaka wa mke wangu. Ngoma ni mimi. Nitapunguza kidogo kidogo, hakuna atakayejua.

Machi 19

Mama watoto amepiga simu.

"Kaka anaendeleaje?"

"Anaimba."

"Nasikia anakohoa."

"Masika haya, nani hakohoi?"

"Mwangalie, baba watoto. Yule hasemi."

"Namwangalia kila siku. Kazi yangu ni kumwangalia."

Leo "Dirisha" ilikuwa mia na ishirini na mbili.

Machi 24

Mia na kumi na nane, na nimekamatwa. Baada ya onyesho la mchana Kiongozi alipita na simu yake katikati ya basi, akainyoosha mbele ya macho yangu kama askari wa barabarani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Simu."

"Usinifanyie utani. Soma."

"Mia na kumi na nane."

"Wimbo wa kucheza! Wachezaji wangu wanainua mguu, wanasubiri ruhusa ya kuushusha. Ulikuwa umelala?"

Dereva akacheka mbele kule. "Mwache, Kiongozi. Anaendesha ngoma kama mimi ninavyoendesha basi kwenye tope."

Basi zima likacheka. Nikamtazama Chiriku. Alikuwa dirishani, taulo shingoni, macho nje kwenye mvua. Neno moja tu lingetosha. Angeweza kusema "mwendo huu unanifaa", yakaisha. Hakusema kitu. Nimebeba mzigo wake mgongoni, na yeye anaangalia nyasi.

"Nitarekebisha," nikasema.

Machi 25

Leo sikuzungumza na mtu. Sidhani kama kuna aliyegundua.

Machi 27

Nimekuta chupa ya dawa ya kuchua juu ya kitanda changu. Nikajua Chiriku ameisahau, nikamrudishia mezani kwake bila kusema. Akaiangalia, akaniangalia, akazima taa.

Machi 31

Basi limezama hadi nusu ya matairi. Dereva ameteremka, akalizunguka, akavua kofia kama yuko msibani.

"Marehemu alikuwa na tabia gani?" Kimya akauliza. Ni maneno yake ya kwanza kuyasikia wiki hii. Tukacheka wote, hata Kiongozi.

Tuliposhuka kusukuma, Chiriku akanishika mkono mbele ya kila mtu. "Wewe kaa ndani, shemeji. Waache vijana."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Mkataba wenyewe unatafuta nani amezeeka, na yeye ananitangaza! Nikamwambia akae yeye ndani alinde sauti yake. Nikasukuma kwa bega lilelile bovu, kwa makusudi, nikiona nyota mchana. Yeye naye akashuka, akasukuma. Basi lilipotoka alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta hewa kama aliyeibuka kutoka majini, na mate yake yalikuwa na povu la waridi. Akalifukia kwa kiatu.

Leo nimepiga mia na kumi na sita.

Aprili 6

Kuna kitu kipya na sikipendi. Chiriku ameanza kunikimbia. Ninaweka pigo, yeye ameshaimba. Anavuta wimbo mbele kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba. Miaka yote hii hajawahi kuniacha hata nusu pigo, na sasa mbele za watu anaonyesha kwamba ngoma ndiyo inayochelewa. Hata wachezaji wanageuka kunitazama.

Nimemshikilia. Kadiri anavyokimbia, ndivyo ninavyokaa. Mia na kumi na mbili. Nilimbana kwa ngoma ya mguu akakosa pa kwenda. Mtu anasaidiwa, badala ya kushukuru anataka kuonekana shujaa! Ubeti wa tatu ulimshinda katikati. Leo hakuwanyooshea watu mikrofoni, ulimshinda tu, kukawa na shimo pale ambapo neno lilitakiwa kuwa. Watu walipiga makofi kidogo, kwa adabu.

Chumbani alikaa kitandani ameegemea ukuta. Siku hizi halali chini kabisa.

"Shemeji," akasema.

"Naam."

Akangoja. Nami nikangoja.

"Hapana. Lala."

Aprili 9

Mvua imetoboa paa la nyumba ya wageni. Tumesogeza vitanda. Maji yanadondokea ndoo polepole kuliko hata mimi, Kimya anasema.

Aprili 14

Leo nitaandika kirefu.

Kiongozi alituita ukumbini mchana, viti bado vimepangwa juu ya meza. Alikuwa na kisanduku cheusi, kimelingana na redio ndogo. Ni ngoma, akasema. Ngoma zote zimo humo, na hazichoki, na hazina umri.

"Si kwamba nakufukuza, mzee. Kisanduku kitashika mwendo, wewe utaweka vionjo juu yake. Toazi hapa, toazi pale."

"Toazi hapa, toazi pale," nikasema.

"Tujaribu kwanza. Leo wewe pumzika, usikilize."

Nikakaa kwenye kiti changu, ngoma zangu mwenyewe mbele yangu, vijiti mapajani, kama mgeni aliyealikwa kwangu. Akabonyeza. "Dirisha", mia na ishirini na nane. Kisanduku kinapiga vizuri, sitasema uongo. Hakina roho lakini hakikosei.

Nilikuwa nasubiri Chiriku aanguke. Niandike hilo pia. Nilitaka Kiongozi aone kwa macho yake kwa nini nimekuwa nikipunguza, niwe nimesafishwa bila kufungua mdomo. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Ukaja wa tatu, ule mstari mrefu, nikakaza macho kwenye mgongo wake.

Akaumaliza.

Aliumaliza kwa shida, mbavu zinapanda na kushuka, lakini neno la mwisho lilitoka zima, lenye mkia wake. Kiongozi akapiga makofi. Wachezaji wakashangilia. "Umeona?" akaniambia. Nami sikuona kitu, nilikuwa nahesabu.

Mstari ule una mapigo thelathini na mawili. Kwa mia na ishirini na nane kwa dakika, ni sekunde kumi na tano kamili. Kwa mia na kumi na mbili, mwendo wangu wa huruma, ni sekunde kumi na saba na ushee. Hesabu ya mtoto wa shule. Mimi ambaye naweza kukuambia hapo kwa hapo tumesafiri kilomita ngapi na kuuza viti vingapi, sikuigawa hesabu hiyo kwa mwezi mzima. Nilidhani nampa nafasi ya kupumua, na mstari wenyewe hauna nafasi. Nilikuwa namrefushia. Kila onyesho nilimshika mtu asiye na pumzi nikamzamisha sekunde mbili zaidi, na alipojaribu kuibuka, kwa kukimbia mbele, nikamkandamiza chini kwa mguu.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Dereva akauliza kama nimefukuzwa. Nikasema bado.

Aprili 15

Nimemwambia. Tulikuwa kibarazani, asubuhi, vikombe vya chai mkononi. Nilimweleza hesabu yote, thelathini na mbili, kumi na tano, kumi na saba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaanza kucheka, akalazimika kuweka kikombe chini.

"Kwa hiyo si bega?"

"Bega gani?"

"Bega lako, shemeji! Nimekuona ukivaa shati. Huwezi kuinua mkono, unaingia kwenye shati kama konokono. Nikasema masikini, ameumia, hawezi tena mia na ishirini na nane, na hatasema, kiburi kimemjaa hadi puani. Nikasema nitaimba huo mwendo wake wa jeneza mpaka bega lipone."

"Lakini ulinikimbia."

"Nilikuwa nakufa! Kuna siku hata mtu mwema anachoka."

"Na kwenye basi, Kiongozi aliponisuta? Ulinyamaza."

"Ningesema nini? Niseme shemeji ni mgonjwa? Nilimfuata baadaye, faragha. Nikamwambia mwendo ni mimi niliyeuomba, kwa ajili ya koo langu. Unadhani kisanduku kile amekinunua jana? Anacho tangu mwezi wa tatu. Nilimwambia akikileta na mimi siimbi. Juzi nilipokosa ule mstari ndipo akaacha kunisikiliza."

Mwezi mzima nimemwandika mtu huyu vibaya humu, na siku zote hizo amekuwa akikishikilia kiti changu kwa mkono mmoja. Na mimi nilidhani ndiye ninayembeba.

"Pumzi ina nini?" nikamwuliza hatimaye.

"Sijui. Inaniishia njiani."

"Tangu lini?"

"Kabla hatujaondoka nyumbani."

Aprili 17

Daktari wa mji huu alimsikiliza kifua muda mrefu, akambonyeza miguu, vidole vikaacha mashimo. Akasema moyo umepanuka, umechoka, hausukumi inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanapanda kifuani. Vidonge. Kupumzika. Chumvi aache.

"Na kuimba?"

"Kuimba wapi?"

"Jukwaani. Dansi."

Daktari akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Akasema angependa kuzungumza na ndugu wa karibu zaidi. Nikamwambia ndugu wa karibu zaidi ni mimi. Akasema mgonjwa anaweza kuwa nasi kwa muda. Muda wenyewe hakuutaja, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwuliza mtu ni kiasi gani.

Aprili 21

Nilimwomba Kiongozi maonyesho mawili bila kisanduku. Bega nimelifunga, na dawa ya kuchua ninaipaka, ile ile chupa. Chiriku hupaka pale mkono wangu usipofika. Simu ilisoma mia na ishirini na nane leo.

Aprili 28

Mia na ishirini na nane tena. Chiriku anaimba nyimbo mbili tu kila onyesho, nyingine anaimba binti mmoja kati ya wachezaji, ana sauti nzuri. Kiongozi aliniita pembeni.

"Kiti chako kipo, mzee. Mkataba una jina lako. Chiriku, pole, lakini mwenyewe unaona. Atafunga na 'Dirisha' siku ya mwisho, tumuage kwa heshima. Ila nakuomba kitu kimoja. Wale watu wa hoteli watakuwa mstari wa mbele, na mimi nitakuwa na simu. Ukitoka kwenye mwendo, hata kidogo, nitasaini na kisanduku."

"Nimekuelewa."

"Kweli?"

"Mimi si wa kuambiwa mara mbili, kijana."

Nimefurahi. Niandike ukweli, nimefurahi. Miaka miwili, kitanda kimoja. Halafu nikarudi chumbani nikamkuta amelala kwa kukaa, mdomo wazi, na furaha ikanishuka.

Mei 4

Onyesho la mwisho. Mchana, ukumbi mkubwa, watu wa hoteli mbele kabisa na maji yao ya chupa.

Kabla hatujapanda nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Machi. Nilimwuliza.

"Nikupe ngapi?"

Chiriku alijua nauliza nini. Alijua pia kuhusu simu, binti alikuwa amemwambia. Alipima kifua chake, mkono juu ya shati.

"Kumi na tano sina tena," akasema. "Lakini wewe piga yako. Nikikosa nimekosa. Watanishangilia hata hivyo, ni kuagana."

"Sijakuuliza hilo. Nimeuliza ngapi."

"Kumi na tatu, labda kumi na nne."

"Basi mia na arobaini."

"Mia na arobaini ni mbio za mwizi, shemeji. Hilo bega litakudondoka jukwaani."

"Likidondoka utaliokota."

Nyimbo zote nilipiga kama kisanduku, hakuna aliyenilaumu. Ikafika "Dirisha". Ubeti wa kwanza na wa pili mia na ishirini na nane, nikaona Kiongozi anatabasamu. Kabla ya wa tatu niligonga ngoma ndogo mara nne, kwa nguvu, kwenye mwendo mpya, wenye masikio wasikie. Kimya akasikia. Aligeuka, akanitazama, akaja nami bila kuuliza. Kiongozi vidole vilimchanganyikia kwenye nyuzi. Wachezaji walipiga kelele, wakaokota sketi zao wakakimbiza miguu. Ukumbi wote ukasimama. Bega langu lilipasuka kitu ndani, nilikisikia kuliko nilivyosikia gitaa, na mkono ukawa wa mtu mwingine, nikaupiga tu kama unavyompiga mnyama aende.

Akaumaliza. Mstari wote, na neno la mwisho. Kisha akakaa pale pale, ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, akawapungia watu kama aliyefika nyumbani na kukaa barazani. Wakadhani ni mbwembwe.

Kiongozi alinifikia kabla sijasimama.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mzee, walikuwa wamekubali! Mpaka wimbo wa mwisho walikuwa wamekubali!"

"Nilisikia."

Alitaka nijitetee. Kwa hasira aliyokuwa nayo asingenielewa. Nikaanza kufungua ngoma zangu kwa mkono wa kushoto.

Mei 7

Nyumbani. Chiriku yupo chumba cha watoto, wao wamehamia sebuleni. Mama watoto alitusikiliza wote wawili, kila mmoja akieleza upande wake, bega na pumzi, pumzi na bega. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Chumba kimoja," akasema. "Miezi miwili. Wanaume wazima wawili, vichwa vyenye mvi, mmelala hatua tatu kutoka kitanda hadi kitanda. Hakuna aliyekuwa na mdomo?"

Kaka yake akasema, "Dada, mambo ya kazi hayo."

"Kazi gani? Kazi ya kuuana kwa adabu?"

Akaenda kuanika. Hatukumfuata.

Mei 13

Mkataba umesainiwa. Bendi, binti, kisanduku. Kimya amenipigia simu kuniambia, akakaa kwenye laini bila kusema kitu kwa muda mrefu, halafu akakata. Namshukuru. Bega limechanika, fundi wa mifupa anasema sitapiga tena kwa kazi. Nitafundisha, labda. Watu wenye makopo wapo.

Mei 20

Leo kliniki. Kutoka kituo cha basi hadi lango la hospitali kuna kilima, si kirefu, lakini kwake siku hizi ni kirefu. Nikajikuta nafupisha hatua kimyakimya, ile tabia. Nikasimama.

"Shemeji, twende polepole au twende upesi?"

Alifikiri. Alishika ukuta wa duka la dawa, akaangalia juu kwenye lango, akaangalia miguu yake.

"Tangulia," akasema. "Kanishikie nafasi. Nitakuja na mwendo wangu."

Sikutaka. Nilitaka nimshike mkono, nimbebe, nifanye lolote lenye jasho. Lakini nilikuwa nimeuliza, naye amejibu. Nilipanda peke yangu bila kugeuka. Foleni ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Nikasimama mwisho, nikaacha mbele yangu nafasi ya mtu mmoja.

Mama aliyekuja nyuma yangu na kadi mkononi akaiona ile nafasi. Akauliza kama kuna mtu.

"Yupo," nikamwambia. "Anakuja."